Mashimo ya Witiri

Murdo Geddes alicheza gofu katika uwanja wa Inverskail kwa miaka thelathini na moja, na nusu ya uwanja huo alikuwa haijui. Usicheke. Kijiji kile kimejaa watu wa namna hiyo, ila wengi wao huingia kaburini kabla hawajajigundua.

Sababu ni kwamba Jumatano jioni Inverskail wanacheza wawili wawili, mpira mmoja. Huyu akipiga, mwenzake anaufuata ulipoangukia na kupiga yeye, kisha zamu inarudi, mpaka mpira utumbukie shimoni; jozi iliyotumia mapigo machache ndiyo inayolichukua shimo. Kuanza nako ni kwa zamu. Mmoja huanzisha mashimo ya witiri, yaani la kwanza, la tatu, la tano, la saba na la tisa; mwenzake huanzisha ya shufwa. Ukishachagua siku ya kwanza umechagua maisha. Watu wa pale wakitaka kukujua hawakuulizi kwenu wapi, wanakuuliza wewe ni witiri au shufwa.

Nyumbani kwa Geddes, Effie alikuwa witiri na mumewe Murdo shufwa. Murdo alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mtu wa mabega, na raha yake ilikuwa kuupiga mpira kwa nguvu zote mpaka watu waseme loo. Effie alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuchekacheka, na hakuwahi kuonekana akitoka jasho. Murdo hakucheza peke yake hata siku moja, maana aliona gofu ya mtu mmoja ni sawa na kujiposa mwenyewe. Kwa hiyo kwenye vile vianzio vitano vya witiri, pale panapopigiwa mpira wa kwanza, alikuwa amesimama miaka yote, mikono mfukoni, akimtazama mkewe akipiga. Yeye mwenyewe hakuwahi kupiga pale.

Sifa yake kubwa aliipata shimo la tisa. Huko kuna kijito kinachokatiza uwanja karibu na kijani, yaani ile nyasi iliyonyolewa kama zulia ambamo shimo lenyewe limo. Effie alikuwa anaanzisha, mpira unatua kabla ya maji. Kisha Murdo anakuja, anakunja mabega, anaurusha juu, unavuka kijito na kudondoka karibu na bendera ya shimo. Watu walikuwa wakitoka klabuni na vikombe vyao vya chai kuja kulitazama pigo hilo. Wakamwita Mfalme wa la Tisa, na kusema kweli jina hilo lilimkaa vizuri sana, hata akawa anatembea nalo barabarani.

Halafu Effie akafa, mwezi wa Machi, kwa maradhi ya damu yaliyomchukua hata hajapata nafasi ya kubishana nayo. Kiangazi kikaja kikapita, kingine kikaja, Murdo hajakanyaga uwanja. Alikula vya makopo. Televisheni aliiwasha bila sauti. Binti yao Shona, aliyekuwa Aberdeen, alikuwa ameshampakia rangi chumba cha nyuma na kumwambia, "Baba, njoo tu, huko unamngoja nani?"

Ndipo Dod Petrie, katibu wa klabu, alipomgongea mlango. Kila Juni wanakutana na wenzao wa Balcraggie kugombea kikombe, na safari hii jozi moja ilikuwa imevunjika. Bert Tulloch alikuwa amepasuliwa goti, na mkewe Nan, muuza samaki, hana wa kucheza naye.

"Mara hii tu, Murdo," Dod akasema. "Nan hauzi samaki tena kwa uso mzuri. Anatutoza hasira zake."

"Mara hii tu," Murdo akakubali. "Kisha unifute kwenye klabu."

Hakumwambia Dod lililokuwa moyoni. Alikuwa amejiwekea mtihani. Akiweza kuyacheza mashimo tisa bila Effie na bado akatamani kuyacheza tena, atabaki Inverskail. Akishindwa, nyumba ataiuza, aende Aberdeen kwenye kile chumba cha nyuma kungojea siku zake. Moyoni alishaanza kufunga mizigo.

Jumatano ilipofika, Nan Tulloch alikuwa wa kwanza kwenye kianzio. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mifupi na ulimi usio mfupi.

"Mimi ni shufwa," akasema, hata salamu bado.

"Hata mimi ni shufwa, Nan."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi kusema."

"Kwenye gofu hakuna kuwahi."

"Kwenye samaki kuna kuwahi, na kesho utataka samaki."

Murdo hakubishana. Witiri ni kisicho na mwenzake, akaona neno limemwangukia mwenyewe halali yake. Wapinzani wao walikuwa Lachie na Senga Rennie, mtu na mkewe. Lachie alikuwa mpole kama kondoo, kwa kuwa maneno yote ya nyumba ile aliyachukua Senga.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," Senga akasema akivaa glavu. "Leo sidhani kama mwenyeji atapona."

Shimo la kwanza linaitwa Kanisani. Murdo akasimama pale. Alikuwa hajui aelekee wapi. Kushoto kulikuwa na mchanga, kulia makaburi, na mbele uwanja uliomkodolea macho kana kwamba haujawahi kumwona. Kisha likamjia wazo zuri. Mpira wa Effie ulikuwa unaangukia wapi? Hilo alilijua vizuri kuliko alivyolijua kabati lake, maana hapo ndipo alipokuwa akisimama yeye kupiga la pili. Juu ya kile kichuguu cha kushoto. Akalenga kichuguu, akapiga, na mpira ukaenda kukaa pale pale pa Effie. Kwa mara ya kwanza tangu Machi ile, Murdo alihisi kitu kikilegea kifuani.

Nan akapanda kichuguuni, akautazama mpira, akalitazama handaki la mchanga lililo mbele yake, akamtazama Murdo. Akapiga. Mpira wa Nan haukuwa na desturi ya kuruka. Ulikimbia chini chini kama sungura, na sungura huyu akatumbukia moja kwa moja mchangani. Kanisani wakashindwa.

Shimo la pili akaanzisha Nan, wakatoka sare na akina Rennie. La tatu, Kaburi la Ng'ombe, zamu ya kuanza ikamrudia Murdo. Akakumbuka Effie alikuwa akiuweka nyuma kidogo ya safu ya vichaka vya miiba, naye akauweka hapo hapo, barabara. Nan akapiga, sungura akaingia miibani, na huko hakuna aliyemfuata.

"Pole," Murdo akamwambia kwa huruma, kwa kuwa aliona mama wa watu leo hajaamka vizuri. "Kutoka pale mimi huwa naupitisha juu ya vichaka, unatua pale kwenye bendera."

"Aha," Nan akasema.

La nne wakashinda. Nan alianza kwa pigo fupi la adabu, na Murdo akamalizia kazi kwa mabega yake. Lakini la tano, linaloitwa Shati la Mchungaji, Murdo akauweka mpira pa Effie tena, kwenye mteremko. Nan akajaribu kusimama, mguu mmoja juu mmoja chini, akapiga hewa, na pigo la hewa nalo linahesabiwa. Wakapoteza. Wakawa nyuma kwa mashimo mawili.

Walipokuwa wakielekea la sita, Nan akasimama katikati ya njia.

"Murdo, nikuulize. Mimi nimekukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea kitu."

"Samaki wangu walikuwa wabovu?"

"Nan, una nini?"

"Basi mbona kila saa unaniweka mahali pa kuniaibisha? Kichuguu, miiba, mteremko. Mtu akitaka kunizika na aniambie, nichague mahali."

"Pale ni pazuri, Nan. Mimi kutoka pale..."

"Wewe. Wewe kutoka pale. Sasa pale leo anapiga nani?"

Murdo aliona aibu imempanda mpaka masikioni, na aibu yake, kama ya wanaume wengi wa kazi za paa, ilitokea nje ikiwa kiburi. Akatembea mbele kwa hatua ndefu. Nan akamfuata akinung'unika kwamba Bert na goti lake bovu angekuwa na akili zaidi.

La sita linaitwa Njia ya Posta. Hapo Murdo alikuwa bwana kwa miaka yote; ndilo shimo alipoupiga mpira mpaka watu wakatafuta neno kubwa kuliko loo. Safari hii aliyeanzisha ni Nan. Sungura akakimbia, akakimbia, akalala katikati ya uwanja. Murdo akaufuata, akasimama juu ya mpira, akatazama miguuni. Nyasi fupi, ardhi tambarare, kijani mbele wazi kabisa. Akageuka huku na huku. Mahali pale hakuwahi kusimama maishani mwake.

Ilikuwaje? Ilikuwa hivi: mpira wake yeye ulipita pale ukiwa bado angani, ukaenda mbele, ukaingia kwenye magugu ya kushoto karibu na ukuta. Kila Jumatano. Na Effie alikuwa anaingia magugu yale, anayapekua kwa fimbo, anainama, anautoa mpira, anasema, "Umekwenda mbali kweli leo, mpenzi." Murdo alikuwa akimngoja kwenye kijani, akitabasamu.

Akapiga, na pigo likawa zuri, wakashinda shimo, lakini furaha ya ushindi haikumfikia. Shimo la saba ni fupi, mpira wa kwanza unafika kijani moja kwa moja, wakatoka sare. La nane Senga aliupeleka mpira baharini kwa sababu alikuwa anaongea huku anapiga, na mumewe akathubutu kukohoa. Kwa hiyo walifika shimo la tisa wakiwa sawa kwa sawa. Jozi nyingine zilikuwa zimemaliza na kugawana ushindi nusu kwa nusu, na kikombe kizima kikabaki kwenye mikono ya hawa wanne.

Kijiji kilikuwa kimetoka nje na chai yake. Jua la Juni kule halina haraka ya kulala, na uwanja ulikuwa bado umejaa mwanga. Lachie akaanzisha upande wao, mpira ukatua kabla ya kijito, salama. Kisha Murdo akapanda kianzioni.

"Mfalme," mtu mmoja akasema klabuni, na wengine wakacheka kwa mapenzi.

Wote walijua afanye nini. Auweke kabla ya maji, pa Effie. Alishanyanyua fimbo, na mikono ilishaijua njia. Ndipo akamwona Nan kwa pembeni, mfupi, amekunja uso, anakitazama kijito kama mtu anayetazama ngazi iliyokatika. Murdo akaishusha fimbo.

"Nan," akasema. "Wewe unapenda kupigia wapi?"

Nan alimtazama kwanza aone kama anatania.

"Ng'ambo," akasema. "Kulia, pale bapa. Nikiwa ng'ambo nitaukimbiza mpaka shimoni. Nikiwa huku, mimi na maji hatupatani."

"Ng'ambo ni mbali, na mimi sijashika fimbo mwaka na zaidi. Hata Effie hakuwahi kukivuka."

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona kwa macho yangu. Miaka thelathini na moja."

"Umemwona Jumatano. Jumanne, siku ya wanawake, wewe uko juu ya paa la watu, Effie alikuwa anakivuka kila wiki. Halafu anageuka kutucheka sisi tuliobaki huku."

Murdo akakigeukia kijito. "Sasa kwa nini siku zangu..."

"Kwa sababu yako, mzee. Alituambia, Murdo mpe pigo kubwa tu. Ukimpa pigo dogo karibu na kijani anachimba viazi. Kwa hiyo alikuwa anakuachia palipokutosha kukunja mabega yako yote." Nan akapunguza sauti, kwa kuwa aliona uso wa mwenzake umebadilika. "Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua. Wale wote na vikombe vyao vya chai walikuwa wanajua, na bado walitoka kila Jumatano kumtazama. Murdo aliumia, na maumivu yenyewe yalikuwa na joto ndani yake, hata asijue ayaite nini. Miaka yote alidhani ametawala shimo lile. Kumbe kuna mtu aliyekuwa akimwandalia kiti, kisha anakaa pembeni kupiga makofi. Na yeye alimwandalia nini? Magugu ya la sita. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na yeye hakuuliza hata mara moja.

"Alinilalamikia?" akauliza. "Kwa yale magugu?"

"Effie? Alikuwa anacheka. Alisema bila magugu ya Murdo asingejua kupiga. Wewe ulidhani kikombe cha wanawake alikipataje mara nne?" Nan akamsukuma kidogo kwa kiwiko. "Haya, piga. Senga anaota mizizi pale."

Murdo akajifuta pua kwa mkono wa sweta, akasimama sawa. Akaacha kutafuta pa Effie. Akalenga pale bapa, kulia, ng'ambo ya maji, mahali alipopaona kwa mara ya kwanza kwa kuwa palikuwa pa mtu, pa Nan. Akapiga. Mpira ukapaa, ukapita juu ya kijito ukiacha nafasi ya kutosha, ukatua ng'ambo na kubingirika kidogo kulia. Kule klabuni watu walitazamana. Hawakuelewa. Mfalme alikuwa amepitiliza kiti chake.

"Sasa hapo," Nan akasema, akikaza mwendo, "hapo mtu anaweza kuishi."

Senga aliuvusha wao vizuri, Lachie akausogeza, Senga akaumalizia kwa pigo la nne. Nan akauchapa wake chini chini, sungura akakimbia kwa furaha zake, ila mbio zikamwishia hatua chache kabla ya kijani. Pigo la tatu lilikuwa la Murdo, na lilikuwa dogo. Hakuna Mfalme pale wala mabega. Ilitakiwa mkono mwepesi kama wa kumfunika mtoto.

Murdo alivuta pumzi, akapiga, na fimbo ikaingia ardhini. Bonge la udongo likaruka mbali kuliko mpira. Mpira wenyewe ukajikokota ukafika mwanzo wa kijani, ukasimama hapo, shimo liko mbali.

"Kiazi," Nan akasema.

Murdo akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, akashindwa kusimama, akachuchumaa pale pale na fimbo yake. Waliokuwa klabuni walidhani analia, na hawakukosea sana. Alikuwa anamwona Effie kwenye Jumanne zake, amesimama ng'ambo ya maji, anawasimulia wenzake habari za viazi vya mumewe, naye hana ubaya na mtu. Kwa muda mrefu alimkumbuka akiwa kitandani tu, mdogo, chini ya blanketi la hospitali. Sasa alimwona mzima, na alikuwa na siku zake ambazo yeye hakuzijua, na bado kulikuwa na watu wa kumsimulia habari zake.

Nan hakumngoja amalize. Akauzunguka mpira mara moja, akausukuma kijani chote, na mpira ukaenda taratibu, ukapanda, ukashuka, ukaingia. Sare. Kelele zikatoka klabuni, za Inverskail na za Balcraggie pamoja, maana kikombe kingekaa nusu mwaka huku, nusu mwaka kule, na kila upande ungesema umeshinda.

"Umetutoa mbali," Murdo akamwambia.

"Nimetoka kwenye shamba lako la viazi," Nan akajibu.

Lachie akawapa mkono. Senga akasema ardhi ya Inverskail ni laini mno, wangekuwa kwao mambo yangekuwa mengine. Dod Petrie akaja na sinia la skonzi, kisha akamvuta Murdo pembeni na kumwuliza kwa sauti ya msibani.

"Sasa, ulisema leo ndiyo mwisho. Nikufute?"

"Goti la Bert linasemaje?"

"Daktari anasema mpaka mwakani."

"Basi Jumatano ijayo niandike na Nan." Murdo akafikiri kidogo. "Mimi niandike witiri."

Dod akamtazama kama mtu aliyesikia padri anabadili dini. Lakini Murdo alikuwa ameshamwacha. Nan alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, amevua kiatu kimoja, kikombe cha chai mkononi, anamweleza Bert, aliyekuja kutazama, habari ya kiazi, na Bert anacheka huku ameshika goti.

"Nan, njoo kidogo."

"Wapi tena? Ninakunywa."

"Kianzio cha kwanza. Nataka unionyeshe unapenda kupigia wapi. Na la tatu, na la tano."

"Sasa hivi? Mpaka Jumatano kuna wiki nzima."

"Nimeshachelewa vya kutosha," Murdo akasema.

Nan akamwangalia, akakiweka kikombe chini, akavaa kiatu bila kufunga kamba. Wakatembea wawili mpaka Kanisani. Pale kianzioni Nan akanyoosha mkono wake mfupi, si kwenye kichuguu, wala si kushoto, bali kulia kabisa, karibu na ukuta wa makaburi, ambako nyasi ilikuwa imelala na njia ya kuingilia kijani iko wazi.

"Pale," akasema.

Upande ule wa ukuta ndiko Effie alikozikwa, na Murdo alikuwa hajatupa jicho huko jioni nzima. Sasa akakifuata kidole cha Nan kwa makini, akapaona, akauliza kama angependa mpira uwe karibu zaidi na ukuta au mbali kidogo.